Mwendesha mashtaka akificha ushahidi, mwenzake anayejua afanye nini?

SWALI: Kwenye tamthilia ya Kimarekani ninayoifuatilia, mwendesha mashtaka mwandamizi ameficha maelezo ya shahidi yanayomsaidia mshtakiwa. Msaidizi wake amegundua, wakagombana, kisha msaidizi akajiuzulu kwa hasira. Je, kisheria ndiyo yameisha?

JIBU: Hayajaisha. Kujiuzulu kunamtoa msaidizi ofisini, lakini maelezo ya shahidi yanabaki kabatini na mshtakiwa hajui kama yapo.

Msingi ni kesi ya Brady dhidi ya Maryland ya mwaka 1963. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema upande wa mashtaka ukizuia ushahidi wa maana unaomnufaisha mshtakiwa, haki yake imevunjwa, hata kama aliyeuzuia hakuwa na nia mbaya. Kesi ya Giglio, 1972, ikagusa uhusiano wa wenzi kazini: wakili mmoja wa serikali alimwahidi shahidi kwamba hatashtakiwa, na aliyekuja kuendesha kesi hakujua. Mahakama ikaona ahadi ya mmoja inaibana serikali nzima, ikaamuru kesi isikilizwe upya. Kwa hiyo kauli ya "faili halikuwa langu" haiokoi hukumu.

Yaliyotokea New Orleans, jimboni Louisiana, yananiuma kuliko tamthilia yoyote. Mwaka 1985 John Thompson alishtakiwa kwa unyang'anyi na kwa mauaji. Waendesha mashtaka walitanguliza unyang'anyi. Walikuwa na kipande cha nguo chenye damu ya mhalifu, na maabara ilikuwa imeshawaandikia kwamba damu hiyo ni ya kundi B. Utetezi haukupewa ripoti. Thompson akatiwa hatiani, na kwa kuogopa hukumu hiyo itatumiwa dhidi yake, hakupanda kizimbani kujitetea kwenye kesi ya mauaji. Akahukumiwa kifo.

Mwaka 1994 mmoja wa waendesha mashtaka wale, akijua saratani inamuua, alimwambia rafiki yake, aliyewahi kufanya naye kazi ofisi ileile, kwamba alificha ushahidi wa damu. Rafiki akamsihi arekebishe, kisha akanyamaza miaka mitano. Mwaka 1999, zikiwa zimebaki wiki chache Thompson auawe kwa sindano ya sumu, mpelelezi wa utetezi aliikuta ripoti ya maabara. Damu ya Thompson ilikuwa ya kundi O. Mwaka 2003 kesi ya mauaji iliposikilizwa tena, aliachiwa huru.

Yule rafiki hakuwa ameficha chochote kwa mkono wake. Hata hivyo, mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Louisiana ilimpa karipio la hadharani kwa kutokuripoti alichokijua. Kwangu adhabu hiyo ilikuwa nyepesi mno.

Sasa turudi kwa msaidizi wako wa kwenye runinga. Amdai mwandamizi wake, kwa maandishi, akabidhi maelezo yale kwa utetezi. Akikataa, apande kwa mkuu wa ofisi, naye akiyafumbia macho, suala liwekwe mbele ya jaji kabla ya hukumu. Kanuni za maadili za majimbo karibu yote pia zinamtaka wakili aripoti kwenye mamlaka ya nidhamu udanganyifu mzito wa wakili mwenzake. Inauma kumripoti mtu aliyekufundisha kazi, na hapo ndipo waandishi wa tamthilia wangepata ugomvi wa kweli. Akishayakamilisha hayo na bado hawezi kukaa naye ofisi moja, ajiuzulu.