Wadogo zangu wa majivu ya makaa ya mawe, hicho kipimo cha Septemba kitupeni

Juzi nimeshika ripoti ya kijana wa kwetu aliyeingia juzijuzi hapa North Carolina, nasoma "kutoka majivu hadi maji ya chini ya ardhi futi 4 na nusu", tarehe Septemba. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana ripoti ya namna hiyo naijua, mwaka wangu wa kwanza niliandika kama hiyo hiyo.

1. Soma sheria ya jimbo. Ile ya EPA, shirika la mazingira la serikali kuu, ya 2015 mmeikariri mpaka viambatisho, sawa, lakini ya hapa ni ya 2014, baada ya bomba chini ya bwawa la majivu kule Eden kupasuka mwezi wa pili na tani kama 39,000 zikaingia mto Dan. Watu hawajasahau.

2. Majivu ya kujazia kiwanja: tani 8,000 kwa eka au 80,000 mradi mzima, ukifika hapo ni kibali maalum na laina chini, yaani tandiko la kuzuia maji yasipenye. Usikate mradi mmoja vipande viwili, ujanja huo wameshauona.

3. Majivu yakae futi 4 juu ya maji ya chini ya ardhi, ya MSIMU YANAPOPANDA ZAIDI. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mwisho wa kiangazi, mahindi ya jirani yamekauka kwiii, nateremsha tepu kisimani, inalia piii ikigusa maji, natoa hesabu napata futi 4 na inchi 7, nikajiona injinia. Sisi tuliokulia na masika na vuli tunajua mvua ikinyesha maji yanapanda basi, kumbe hapa mvua ya kiangazi inanyesha kweli lakini miti inaifyonza karibu yote, maji yanapanda baridi miti ikiwa imelala, Januari mpaka Machi hivi. Akaja mama mmoja inspekta wa jimbo na keekee ya mkono, akachimba, akapanga udongo juu ya mkia wa pikapu kandokando ya tepu. Futi 2 tu chini, udongo wa kijivu una madoa ya rangi ya kutu. Akaniuliza, hii rangi umeiona? Nikajibu, ni udongo tu. Jamani! Kijivu kile maana yake maji hupanda na kukaa pale miezi, futi 4 hazifiki. Michoro ikarudiwa yote, malori yalishapangwa, na bosi hakunifokea, alininyamazia wiki nzima, bora angenitukana.

4. Majivu ya kuchanganya kwenye zege: LOI, yaani uzito unaopotea yakichomwa, hasa kaboni isiyoungua, isizidi asilimia 6. Ya bwawani kaboni imezidi, ndio maana yanachomwa upya kule kwenye vituo vya umeme vya Buck, Cape Fear na H.F. Lee.

5. Soksi za akiba. Usiniulize kwa nini.

Kijana nimemwita. Kaja na shikamoo ndefu na kahawa ya kunihonga, nikampa keekee na buti. Karudi saa kumi matope mpaka magotini, ananionyesha picha ya donge la kijivu kwenye simu, "kaka, hii ni mbaya?" Mbaya sana mdogo wangu, vuta kiti, tufungue upya hiyo ripoti.