Faiba imekufa lakini pfSense haihamii kwenye 4G

Ndugu, kama taa ya faiba inawaka, intaneti haipo, na pfSense (programu ya ruta na ngome ya mtandao) bado haihamii kwenye modemu ya 4G, angalia kwanza inapima anwani gani ili kujua kama laini iko hai. Kwa kawaida inapima ruta ya karibu tu, na hiyo bado inajibu. Weka anwani za mbali za kupima: 1.1.1.1 kwa faiba, 8.8.8.8 kwa modemu, zisifanane. Kisha unda kundi la getiwei (njia za kutokea intaneti), faiba daraja la 1, modemu la 2, na ulichague kwenye kanuni za LAN (mtandao wako wa ndani). Hapo ndipo wengi husahau.

Ukizipa daraja moja zitagawana mzigo, ila upakuaji mmoja hautapata kasi ya zote mbili, na tovuti za benki zinaweza kukutoa kwenye akaunti. Kwa bando la 4G, ningeiacha modemu iwe akiba tu.