Babu aliyezama vitani mwaka 1944 na hana kaburi: tumswalie ghaibu leo?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Babu yetu mdogo alikuwa askari wa mizinga, kijana ambaye hajaoa. Alizama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, maiti haikupatikana. Baba yake alikwisha kufa. Alimwacha mama, kaka wawili na dada mmoja. Tumeafikiana aswaliwe ghaibu Ijumaa, yaani swala ya jeneza bila maiti kuwepo, kisha tufukie sanda na kuweka mawe ya kaburi. Tena fungu lake la urithi, minazi 36, halijagawanywa hadi leo. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam. Meli hiyo ilitoka Kilindini kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Kwa hiyo huyu hahesabiwi mafkudi, yaani aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa, wa kungojewa. Mauti yake na tarehe yake vinajulikana.

Kuhusu swala, msitangaze. Swala ya ghaibu ipo katika madhehebu yetu ya Shafi, kwani Mtume (s.a.w.), naye yuko Madina, alimswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi aliyefia kwao. Lakini kauli inayotegemewa ni kwamba anayeswali awe, siku ya mauti, alikuwa tayari Muislamu baleghe mwenye akili. Aliyezaliwa 1960 haimsihi, hata akipiga takbira zote nne sawasawa. Mtu wa sharti hilo leo ana miaka tisini na kitu. Na kuna kikwazo cha pili: swala hutanguliwa na josho la maiti, na Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, ameandika kuwa aliyekufa mahali asipoweza kutolewa na kuoshwa haswaliwi, wafafanuzi wakataja bahari yenye kina. Wapo wanavyuoni wa baadaye waliosema aswaliwe tu, na Ibn Taymiyya aliona aliyekufa pasipo wa kumswalia huswaliwa ghaibu. Atakayefuata kauli hizo asikemewe, ila msiwabebeshe msikiti mzima.

Wala hapungukiwi na kitu. Mtume (s.a.w.) amemtaja aliyezama miongoni mwa mashahidi. Huyo ni shahidi wa akhera: maiti yake ingepatikana ingeoshwa na kuswaliwa kama wengine. Kwamba alivaa sare ya Mwingereza, nia yake iko baina yake na Mola wake.

Sanda tupu msifukie. Ni kupoteza mali, na baada ya miaka ishirini wajukuu watasoma Yasin juu ya shimo wakidhani yumo. Mkitaka kuona jina, katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, upo ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki waliozama na meli hiyo; litafuteni pale. Dua na sadaka humfikia popote mlipo.

Minazi ndiyo deni lenu hasa. Angalieni kwanza kama alidaiwa au aliusia. Kisha warithi ni waliokuwa hai siku ile ya Februari, si waliopo leo. Mama ana sudusi, yaani moja ya sita, kwa sababu ndugu ni zaidi ya mmoja: minazi 6. Inabaki 30, kila kaka 12, dada 6, ikiwa wote ni wa baba na mama mmoja. Hapo ndipo familia hukosea: hugawa kwa vichwa vya wajukuu, au fungu la dada humezwa na wajomba na watoto wake wakaambiwa wao ni wa ukoo mwingine. Kila fungu lishuke kwa warithi wa mwenyewe, likianza na la mama.

Minazi ya wakati ule mingi imekwisha kauka. Kama na ardhi ilikuwa yake, igawanyeni kwa mafungu hayo hayo. Ikiwa mmoja wenu amepanda mipya kwa fedha zake, msikadirie wenyewe. Nendeni kwa Kadhi na orodha ya waliokufa, kila mmoja na mwaka wake, pamoja na karatasi yoyote ya jeshi mliyonayo.