Chuma ulichokiacha kwenye baa ya jimu ndo kinamuumiza mwenzako

Huu ni mwaka wa tisa napiga tizi. Nilianzia jimu ya uwani huko Temeke, ya vyuma vya kuchomelea na makopo ya rangi yaliyojazwa zege, saiv niko jimu ya kulipia kwa mwezi yenye vioo na feni, na miaka yote hiyo kitu kilichoniumiza vibaya zaidi sio mzigo nilioubeba mimi, ni mzigo aliopakia mtu mwingine kwenye baa, ile fimbo ya chuma ya kunyanyulia, akamaliza akauacha.

Ilikuwa jioni, jimu imejaa, jamaa kamaliza kupiga kifua, yaani kulala benchini na kuisukuma baa juu, kaiacha baa benchini na kilo 40 kila upande, kachukua kibegi chake kaondoka. Mi nilitaka baa tupu nipashe mwili kwanza, nikaanza kutoa pleti, vile vyuma vya duara, upande wa kulia, nikatoa ya kwanza, nikatoa ya pili, akili iko kwenye mambo yangu, ile ya pili inatoka tu baa ikafyatuka upande wangu, kule kwingine ikaenda chini na pleti zake zote, ncha ikanipiga chini ya jicho. Nilishonwa nyuzi nne. Ingepanda kidogo tu jicho lilikuwa linaondoka.

Sababu yake ni rahisi na kila anayeingia jimu anatakiwa aijue siku ya kwanza kabisa. Baa ya kawaida ya olimpiki ina kilo 20 na urefu wa mita 2.2 (ya wanawake ni kilo 15), uzito wake wenyewe unaisaidia kutulia, lakini za mtaani nyingi ni bomba tu, nyepesi, halafu fundi kachomelea nguzo za benchi karibu karibu, kwahiyo upande mmoja ukibaki na mzigo na mwingine ukawa mtupu ile kitu inakuwa bembea. Toa pleti moja huku, zunguka, toa moja kule. Hata kwenye baa nzito fanya hivyo hivyo, usiiamini.

Sasa yule jamaa angerudisha vyuma vyake nisingeumia. Ndo maana mi nikisikia mtu anasema kurudisha vyuma ni kazi ya kocha naumia kweli, kwasababu jimu yetu ina mama mmoja mtu mzima, daktari kamwambia afanye mazoezi ya nguvu, anakuja asubuhi anakuta baa imejazwa pleti za kilo 20 na hana uwezo wa kuzishusha, anasubiri amwombe mtu au anaenda kukanyaga baiskeli tu arudi nyumbani. Rudisha bwana. Nzito weka chini, nyepesi juu, usitupe kilo 25 kwenye kona mtu mwingine aje kuiinamia.

Kuhusu kusubiriana, ukimkuta mtu kwenye kifaa muulize vizuri, "kaka habari, umebakiza seti ngapi?", yaani raundi ngapi za kunyanyua, au "naomba tupokezane", wengi wanakubali. Akipumzika dakika mbili tatu usimuone mvivu, mtu anayebeba mzigo mzito anazihitaji kabisa, ila kama anaperuzi simu na benchi kaligeuza kochi hapo una haki ya kumwambia. Jasho lako futa na taulo lako. Na mtu akiwa katikati ya kunyanyua usimsemeshe, hata kama anakosea, subiri aweke chini kwanza. Dada zetu ndo wanateseka zaidi na hili, utakuta mmoja kaja na programu yake kaandika kwenye simu, wanaume watatu wanapanga foleni kumfundisha kitu ambacho hajauliza, wengine wanamchukua video, mwisho wa mwezi haonekani tena. Muacheni afanye mazoezi yake.

Ukiombwa kumsimamia mtu kwenye benchi uliza kabla, unapiga ngapi, nikusaidie kuitoa baa kwenye nguzo au hapana, niiguse baa lini. Simama nyuma ya kichwa chake, mikono iwe karibu na baa bila kuishika, macho kwenye baa sio kwenye kioo. Ukiigusa mapema umemharibia seti, ukichelewa umemuumiza.

Na wewe uliyelala hapo chini, bana mabega nyuma mpaka uhisi mgongo wa juu umekanyaga benchi, miguu ikae chini imara, viwiko visitanuke vikawa sawa na mabega, visogeze kidogo karibu na mbavu, baa itue usawa wa chuchu au chini yake kidogo, isitue shingoni. Kidole gumba lazima kizunguke baa. Wapo wanaokiacha upande mmoja na vidole vingine kwasababu wameona watu wakubwa wanafanya, ikiteleza kiganjani inaangukia kifuani na hakuna cha kuizuia. Kama uko peke yako usifunge klipu, vile vibanio vya kuzuia pleti zisitoke, ukizidiwa unaiinamisha upande mmoja pleti zinamwagika, zinapiga kelele ndio lakini unatoka mzima.

Dedilifti, ile ya kuinyanyua baa kutoka sakafuni mpaka usimame, ndo inayoharibu viuno vya vijana, na nilivyoona mimi wengi wanajitahidi wakati wa kuvuta halafu wanasahau wakati wa kushusha. Baa iwe juu ya katikati ya mguu wako, pale unapofungia kamba za raba, inama uishike, sogeza miundi, ile sehemu ya mbele chini ya goti, mpaka igusane nayo, nyanyua kifua mgongo unyooke, vuta pumzi ijae tumboni ukaze kama mtu anataka kukupiga ngumi, ndo uisukume sakafu kwa miguu. Ukifika juu simama wima basi, usijirudishe nyuma. Kushusha anza kwa kusukuma makalio nyuma, baa iteleze karibu na mapaja, ikishapita magoti ndo unakunja magoti. Ukikunja magoti mapema baa inayazunguka, inakuvuta mbele, mgongo unapinda na kilo zote bado ziko mkononi. Ndala hapana, ni bora peku kama sakafu ni safi, na raba zile laini za kukimbilia zinabonyea zinakuyumbisha.

Ukiongeza, ongeza kilo mbili na nusu au tano kwa jumla, na ile ya mwisho iliyokushinda usiitupe, ifuate mpaka chini, sakafu nyingi za mtaani ni saruji tupu na ukuta wa pili kuna mtoto wa watu kalala.