Gari likivutwa kwa amri ya polisi California: ada ya kulaza ndiyo inayoua, anza nayo

Mkuu, nilikuwa nasubiri wajuzi wa sheria wakujibu lakini naona kurasa mbili zimeisha kwa "pole sana" na "hao ni wezi tu". Ngoja nijaribu. Kwa anayeingia sasa: mdogo wake mleta uzi yuko California, alisimamishwa na polisi Ijumaa jioni, leseni yake ilikuwa imeisha muda, gari likaitiwa brekidauni na kupelekwa yadi ya kampuni binafsi. Yadi inadai ada ya kuvuta, inadai ada ya kila siku gari linapolala, na kituo cha polisi nacho kina ada yake. Jamaa anauliza hizo bei kazipanga nani, na mdogo wake afanye nini.

Nilifanya kazi dirishani kwenye yadi ya namna hiyo huko huko California, kampuni ambayo ilikuwa kwenye orodha ya zamu ya polisi wa mji, yaani kampuni ambazo polisi wanaziita kwa kupokezana. Sitautaja mji wala kampuni. Kazi yangu ilikuwa kupokea watu waliokuja kutoa magari, kwa hiyo hasira za aina zote nimeziona, na makaratasi yanayomsaidia mtu na yasiyomsaidia nayafahamu.

Kwanza hili la nani kapanga bei, maana kuna mtu hapo juu kasema eti kampuni inajipangia inavyotaka. Kwa magari yanayovutwa kwa amri ya polisi, si kweli. Marekani kwa ujumla imeyazuia majimbo na miji kuingilia bei za usafirishaji wa malori. Sheria hiyo ya shirikisho ni ya mwaka 1994, na magari ya kuvuta yanahesabiwa humo humo. Ila kuna milango miwili iliyoachwa wazi. Mmoja ni usalama: mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi iliyohusu mji wa Columbus, Ohio, ilisema jimbo linaweza kuukabidhi mji wake mamlaka ya kutunga kanuni za usalama za magari ya kuvuta. Mlango wa pili ndio unaomhusu mdogo wako: bei ya kuvuta gari bila ridhaa ya mwenyewe inaweza kudhibitiwa. Ukiharibikiwa njiani ukapiga simu mwenyewe, bei ni makubaliano yako na dereva wa brekidauni. Akiita polisi, wewe hukuchagua kampuni wala hukupata nafasi ya kuuliza bei, ndiyo maana mji unaruhusiwa kukuwekea kikomo.

Miji hutumia mlango huo kwa njia ya mkataba. Kampuni zinaomba kuingia kwenye orodha ya zamu, na anayekubaliwa anafunga masharti: afike eneo la tukio ndani ya dakika kadhaa, awe na yadi yenye uzio, madereva wachunguzwe, bima iwe hai, jedwali la bei libandikwe mahali mteja analiona. Akikiuka anasimamishwa zamu, na kwa kampuni inayoishi kwa simu za polisi hiyo ni adhabu nzito kuliko faini. Dirishani kwetu mteja akipiga kelele tulikuwa tunamsikiliza tu. Mteja akisema kwa upole, "naomba kuona jedwali la bei lililoidhinishwa na mji," bosi alikuwa anatoka ofisini mwenyewe.

Sasa sehemu ambayo watu hawaioni. Ada ya kuvuta ndiyo inayopigiwa kelele kwenye vikao vya baraza la mji, kwa sababu ndiyo namba kubwa ya kwanza kwenye bili. Madiwani wanaibana, magazeti yanaandika, kila mtu anaridhika. Ada ya kulaza gari inapita kimya. Lakini ada ya kuvuta inalipwa mara moja tu, wakati ya kulaza inaongezeka kila siku, na baada ya wiki moja au mbili mara nyingi imeipita ile ya kuvuta. Mimi naamini, na hili ni la kwangu, kwamba mji unaobana ada ya kuvuta bila kugusa ada ya kulaza haujamsaidia mwenye gari kitu. Umeisukuma tu kampuni ikatafute faida yake kwenye siku.

Nisiwaonee wenye yadi pia. Mkataba unawalazimisha kuchukua kila gari wanaloitiwa, likiwemo lililoungua na yale magari ya kulala watu yaliyojaa takataka ambayo hakuna mwenyewe atakayekuja kuyafuata. Hayo yanakaa yadi mpaka taratibu za mnada ziishe, yanauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na hasara inabaki kwao. Anayekuja na pesa mkononi ndiye anayelipia waliotelekeza. Si haki, lakini ndivyo hesabu ilivyokaa, na mji unajua.

Kwa hiyo mkuu, acha kwanza mjadala wa nani alikosea barabarani. Saa inatembea. Swali la leo ni jinsi ya kuisimamisha.

Mdogo wako alipewa au atatumiwa karatasi ya polisi. California fomu yenyewe inaitwa CHP 180. Aangalie kifungu cha sheria kilichoandikwa, kwa sababu dawa ya kila kifungu ni tofauti. Kama leseni imeisha muda, mara nyingi utakuta 22651(p), namba ya kifungu kwenye sheria ya magari ya California. Hicho hakishikilii gari kwa idadi maalum ya siku: gari linatoka mara mwenye gari, au mtu aliyemtuma, akileta leseni hai na uthibitisho kwamba usajili wa gari uko hai. Soma tena hapo: au mtu aliyemtuma. Hana haja ya kusubiri leseni yake mpya itoke huku siku zinahesabiwa. Amtafute rafiki mwenye leseni, amwandikie barua ya idhini, waende wote. Niliona watu wengi sana wakisubiri miadi ya ofisi ya leseni wakati mwenzao wa chumba ana leseni mfukoni.

Kama imeandikwa 14602.6, hapo pana kazi. Hicho ni kifungu cha kushikilia gari siku 30, na kimewekwa kwa dereva aliyefungiwa leseni au ambaye hajawahi kupewa leseni kabisa. Leseni iliyoisha muda tu haiingii humo. Kama askari kaandika hicho kwa kosa la leseni kuisha, tayari ana hoja ya kwanza ya kwenda nayo kwenye kikao nitakachoeleza chini. Hata kinapotumika sawasawa, kuna hukumu ya mwaka 2017 ya mahakama ya rufaa ya shirikisho upande wa magharibi, Brewster dhidi ya Beck. Mama mmoja wa Los Angeles alimwazima shemeji yake gari, kumbe shemeji kafungiwa leseni. Baada ya siku tatu mama akaja na leseni yake hai na uthibitisho wa umiliki, yuko tayari kulipa kila kitu, polisi wakagoma mpaka siku 30 ziishe. Mahakama ikasema kulikamata gari barabarani ni jambo moja na kuendelea kulishikilia ni jambo jingine, na hilo la pili linahitaji sababu yake lenyewe. Ukiwa dirishani unaelewa uzito wa maneno hayo. Siku ya kwanza gari linatolewa barabarani kwa sababu hakuna wa kuliendesha. Siku ya nne yupo wa kuliendesha kasimama mbele yako na funguo mkononi, na bili bado inapanda.

Taratibu ya kulitoa: aanzie polisi, sio yadi. Yadi haina ruhusa ya kuachia gari la polisi bila kibali chao. Kituoni atalipa ada ya utawala, ambayo kisheria inatakiwa ilingane na gharama zao za kushughulikia gari hilo, si chanzo cha mapato. Apige simu kabla kuuliza dirisha la vibali linafungwa saa ngapi na kama linafunguliwa wikiendi. Hili dogo linagharimu watu pesa nyingi kuliko lolote. Gari limevutwa Ijumaa jioni, dirisha la polisi limefungwa hadi Jumatatu, yadi iko wazi na inahesabu siku kama kawaida. Kama kwenu hali ni hiyo, ailalamikie kwa maandishi, maana kuna miji ambayo afisa wa zamu anaweza kutoa kibali usiku na mtu wa mapokezi haambii mtu mpaka aulizwe.

Akifika yadi aombe bili yenye mchanganuo, mstari kwa mstari. Akague siku zimehesabiwaje. Mikataba mingi ya California inasema gari likitolewa ndani ya saa 24 tangu liingizwe, ni siku moja tu hata kama usiku wa manane umepita katikati. Baada ya hapo ndipo wanahesabu kwa kalenda. Gari lililoingia saa tano usiku na kutolewa kesho yake mchana, ukimkuta karani mzembe utalipa mbili. Akague pia ada ya lango: hiyo ni ya kufunguliwa nje ya saa za kazi. Akienda mchana wa siku ya kazi akaikuta kwenye bili, aikatae. Na wanatakiwa kupokea kadi ya benki pamoja na pesa taslimu. Yadi ikimwambia "taslimu tu", aandike jina la aliyesema na saa.

Yule mdau aliyesema hapo juu eti hata nguo na vitabu huwezi kuchukua mpaka ulipe nusu ya deni, hapana. Kwa California, kifungu 22651.07 kinampa haki ya kuingia na kuchukua mali yake isiyofungwa kwenye gari, bure, saa za kazi. Begi, dawa, kompyuta, kiti cha mtoto, vyote vyake. Redio iliyofungwa kwa skrubu inabaki. Kama anahitaji vitu vyake leo na pesa ya gari hana, aende leo.

Halafu kikao. Polisi wanatakiwa kutuma notisi kwa mwenye gari ndani ya saa 48, wikiendi na sikukuu hazihesabiwi. Kuanzia tarehe ya notisi ana siku 10 za kuomba kikao cha kupinga kushikiliwa kwa gari, na akiomba, kikao kifanyike ndani ya saa 48, tena bila kuhesabu wikiendi na sikukuu. Anayesikiliza anaweza kuwa wa idara hiyo hiyo ya polisi, ila asiwe yule aliyeagiza gari livutwe. Ndiyo, najua inavyosikika, kesi ya ngedere hakimu nyani. Lakini nimeona watu wakishinda, hasa pale karatasi ya polisi yenyewe ilipokuwa na kasoro. Ikionekana hapakuwa na sababu ya msingi, idara ndiyo inayobeba gharama za kuvuta na kulaza.

Mambo mawili kuhusu kikao. Asisubiri kikao ndipo atoe gari. Alitoe kwanza, alipe, aweke risiti, kikao kiwe cha kudai pesa irudi. Wengi wanadhani wakilipa wamekubali kosa, wanaliacha gari yadi "kwa ajili ya ushahidi", na hata wakishindwa kwa hoja ndogo wanajikuta na deni la wiki tatu. La pili, kikao kinasikiliza uhalali wa kushikilia gari, hakisikilizi bei. Malalamiko ya bei yanapelekwa kwa anayesimamia mkataba wa magari ya kuvuta, mara nyingi ni kitengo ndani ya polisi wenyewe, na yakishindikana kuna mahakama ya madai madogo ambako haendi na wakili.

Kwa mnaouliza kama mahakama za huko zinajali haya, zinaanza kujali. Seattle mwaka 2021 Mahakama Kuu ya jimbo la Washington iliangalia kesi ya mtu aliyekuwa anaishi ndani ya gari lake, likavutwa kwa kukaa mahali pamoja kupita saa 72, ikasema gharama alizobebeshwa ni faini iliyopitiliza kwa mtu wa kipato chake. San Francisco mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya jimbo ilisema mji hauwezi kuvuta gari lililoegeshwa kihalali, bila hati ya mahakama, kwa sababu tu mwenyewe ana faini za maegesho ambazo hajalipa. Hizo si za mdogo wako moja kwa moja, lakini zinaonyesha upepo unakoelekea.

La mwisho ni hesabu ambayo hakuna anayependa kuifanya. Kama gari ni la zamani na deni limeshapita thamani yake, asilitelekeze kimya kimya akidhani limekwisha. Aende akazungumze na yadi kuhusu kuwasainia umiliki ili wafute deni, na apewe karatasi inayosema hivyo. Dirishani tulikuwa tunakubali mara nyingi, kwa sababu taratibu za mnada zina gharama na usumbufu, na nafasi yadi ni pesa.

Mkuu, muulize fomu imeandikwa kifungu gani na gari limeingia yadi saa ngapi. Leta hapa, picha usiweke maana ina namba za gari.