Mama anajinyima siku tatu, kipimo kikamuumbua

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 58, ana kisukari aina ya pili mwaka wa nne sasa. Akienda kliniki sukari ya asubuhi inakuwa 6 na kitu, anasifiwa, anarudi nyumbani anacheka. Mwezi uliopita wakampima ile ya miezi mitatu ikaja 9.1, mama anasema maabara wamechanganya chupa. Ukweli siku tatu kabla ya kliniki huwa anaacha wali, chai ya sukari, kila kitu. Nesi alisema eti kipimo kinaangalia protini iliyoharibiwa na sukari, je hiyo protini ndo imemletea ugonjwa? Na kipimo kipi ni cha kweli? Binti wa Tanga.

JIBU: Marahaba binti. Vyote viwili ni vya kweli, ila cha asubuhi kinasema sukari ikoje saa ile tu, na saa ile mama kashajiandaa.

Iko hivi, ndani ya chembe nyekundu za damu kuna himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, sasa sukari ikizidi kwenye damu inaing'ang'ania yenyewe tu bila kutumwa na mtu, na ikishashika vizuri haibanduki mpaka chembe yenyewe ife, na chembe inaishi siku kama 120. Ndo maana HbA1c, yaani kile kipimo cha miezi mitatu, haidanganyiki kwa siku tatu. Wiki nne za mwisho zina uzito zaidi lakini siku tatu ni kidogo mno. Hiyo 9.1 ni asilimia ya himoglobini iliyoshikwa na sukari, maana yake sukari yake kwa wastani, mchana na usiku, inacheza karibu na 12 kwa hesabu ya kile kipimo cha asubuhi. Kwenye HbA1c, kuanzia asilimia 6.5 tunaita kisukari.

Kuhusu kipi kilianza: sukari ndo ilianza. Insulini, ile homoni inayoshusha sukari, ilishindwa kazi, sukari ikapanda, protini zikaumia baadaye. Ila madhara hayaishii kwenye himoglobini, maana hiyo angalau inafanywa upya, shida ni zile protini zinazokaa miaka, kolajeni ya kwenye mishipa, lenzi ya jicho, huko sukari ikiganda inabadilika polepole, protini zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinakakamaa. Umeshaona andazi linavyogeuka kahawia kwenye mafuta? Ni kemia hiyo hiyo, Mfaransa Louis Camille Maillard aliieleza mwaka 1912, tofauti ni kwamba andazi ni dakika na mwili ni miaka. Macho, figo na ganzi za miguu zinapata sehemu ya shida zao hapo. Kwenye utafiti mkubwa wa Uingereza wa kisukari aina ya pili, UKPDS, kila HbA1c ilipokuwa chini kwa asilimia 1, madhara ya mishipa midogo yalikuwa pungufu kwa asilimia 37, kwa hiyo hata akitoka 9 akafika 8 sio kazi bure.

Kabla hamjamcheka mama lakini, muulizeni: kaongezewa damu karibuni? Ana upungufu wa damu, au sikoseli kwenye ukoo? Hivyo vinaweza kupotosha HbA1c, kupandisha au kushusha, na daktari wake lazima ajue.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huko kujinyima. Kama anaendelea kumeza vidonge huku hali chakula, baadhi ya dawa zinashusha sukari mpaka mtu anatetemeka, jasho, anazimia. Aache hiyo, ale siku ya kliniki kama anavyokula siku zote (asubuhi ya kipimo tu ndo aende bila kula kama wamemwambia), daktari aone hali halisi ndo apange dawa. Wewe usimuongezee kidonge hata kimoja. Na mkienda ombeni apimwe mkojo kuangalia protini, achunguzwe macho na miguu.

Alafu umeniandikia chai ya sukari lakini hujasema vijiko vingapi, wala mara ngapi kwa siku.