Zege la Warumi baharini
Wapo wanaodai siri ya zege la Warumi ilikuwa mayai au damu ya ng'ombe. Sivyo. Kilicholifanya zege la Warumi lidumu baharini ni majivu ya volkano, hasa ya Pozzuoli karibu na Napoli. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi aliyeandika zama za mfalme Augusto, anatoa kipimo: kazi za majini, majivu sehemu 2 kwa chokaa 1. Nchi kavu, mchanga wa kuchimbwa 3 kwa chokaa 1. Ukiwa wa mtoni au baharini, 2 kwa 1. Huo wa baharini aliuonya: chumvi yake hujitokeza ukutani na kubomoa lipu. Ila msililinganishe na zege letu la nondo. Lao halikuwa na chuma ndani, kwa hiyo hakuna kutu ya kulipasua.